Land Rover 109 na Cruiser ya 40: msafara wa Arusha ulihesabu nini hasa?

Kabla ya Oktoba 2024, ubishi wa Land Rover na Land Cruiser hapa Arusha ulikuwa kama ule wa Simba na Yanga. Kila mtu na lake, mnatambiana mpaka chai inapoa, halafu mnaachana salama. Tangu mamia ya Land Rover zilipojipanga mjini kwetu kuitafuta rekodi ya dunia, ile ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, mambo yamebadilika. Mwenye Land Rover siku hizi hahangaiki kubishana. Anakuonyesha picha ya ule msururu kwenye simu, kisha anauliza: "Cruiser za wakati huo ziko wapi?" Mwenye Cruiser anatafuta la kujibu, hapati, anabadilisha mada. Dalali naye akishaisikia hoja hiyo anaongeza bei ya 109 yoyote, zile Land Rover ndefu za zamani, iliyoegeshwa chini ya mwembe, hata kama imefika pale kwa kuvutwa.

Nadhani picha ile tunaisoma vibaya. Msafara ulihesabu magari yaliyobaki, na hakuna aliyepima yanavuta nini, yanapanda vipi, wala yanabeba mzigo gani. Ukiiweka Land Rover 109 ya Series III mezani pamoja na Land Cruiser ya 40, ukazilinganisha injini kwa injini na ekseli kwa ekseli, Cruiser inashinda, na si kwa kidogo. Kilichoibakiza Land Rover barabarani ni kitu kingine kabisa, na nusu ya kitu hicho haimo ndani ya gari. Imo Unga Limited, mtaa wetu wenye gereji hapa Arusha, kwenye mikono yenye grisi. Tukiendelea kuchanganya uwezo wa gari na uhai wa gari, watakaoumia ni wanunuzi, na wengine wameshaanza kutoa akiba zao.

Tuanze na asili, maana hapo tu wabishi wengi hupotea. Magari haya ni watoto wa baba mmoja, Jeep ya Wamarekani ya Vita Kuu ya Pili. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alitengeneza gari lake la kwanza la majaribio juu ya chesisi ya Jeep, na Land Rover ikaonyeshwa rasmi Amsterdam mwaka 1948. Toyota walianza na gari lililoitwa Toyota Jeep mwaka 1951. Julai ya mwaka huo walilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita kuonyesha kwamba hawatanii, na jina la Land Cruiser likaja mwaka 1954. Ile tunayoiita ya 40 ilitoka mwaka 1960 ikaishia 1984. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ambayo kila mtu anaitamka ni inchi tu, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama mita 2.77. Kwa hiyo tunalinganisha magari ya rika moja, ya kazi moja, yaliyokutana kwenye soko moja. Ulinganisho wa haki ndio huo. Anayeleta 109 ya mwaka 1975 kushindana na Cruiser ya juzi yenye tabo, ile pampu inayoijaza injini hewa ya ziada, anajifurahisha.

Sasa namba. Series III nyingi zilikuja na injini ya silinda nne ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli. Ya dizeli ilikuwa na nguvu za farasi 62, na nguvu ya kuvuta kama nyutoni mita 140. Ya petroli ilikuwa na farasi 70 hivi na nyutoni mita zipatazo 163. Upande wa pili, Cruiser ya petroli yenye injini ya 2F, iliyoanza kufungwa mwaka 1975, ilikuwa na silinda sita, lita 4.2, farasi 135 na nyutoni mita 285 kwenye karatasi. Ya dizeli ya 2H, iliyofungwa kwenye zile ndefu za mwisho mwisho, ilikuwa na karibu lita 4, silinda sita, na farasi zaidi kidogo ya 100. Mashabiki wa Toyota wakifika hapa hupiga meza na kutaka mjadala ufungwe: 135 kwa 70, mbio zimeisha.

Hazijaisha. Namba hizo hazikupimwa kwa mizani moja, na hili ndilo kosa la upande wa Cruiser ambalo wenye Land Rover wamelala hawalitumii. Farasi 135 za 2F ni kipimo cha zamani cha injini iliyopimwa ikiwa peke yake juu ya stendi, bila kuvishwa vifaa vinavyoila nguvu inapokuwa ndani ya gari, kama vile feni, jenereta na eksozi kamili. Waingereza kufikia zama za Series III walikuwa wanatoa namba za injini iliyovishwa. Ushahidi uko kwenye Land Rover yenyewe: injini ileile ya petroli ya lita 2.25 imeandikwa farasi 77 kwenye vitabu vya zamani na 70 kwenye vya baadaye, bila chuma kubadilika. Mtu anayelinganisha namba hizi kama zilivyo anapima sukari kwa kibaba na unga kwa kilo, halafu anauliza kipi kimezidi.

Haya, tukate. Tuichukue ile Cruiser ya dizeli ya 2H, tuiondolee hata asilimia 15 kwa sababu ya mizani, ibaki na farasi kama 90. Halafu tuipeleke panapohusika, si Coco Beach, bali Ngorongoro. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo 109 ya dizeli imeshabaki na farasi 53 kabla hata hujafika Kisongo. Kwenye ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi, inabaki na 48 ya kusukuma gari, abiria, magunia na mbuzi wawili juu ya keria. Cruiser yetu, baada ya kukatwa kwa mizani na kukatwa tena na mlima, inabaki na farasi kama 70. Yaani Cruiser iliyokosa pumzi ukingoni mwa Ngorongoro bado inaizidi 109 ya dizeli iliyoshiba hewa ya bahari kule Tanga. Hapo utetezi wa namba umekwisha, na umekwisha kwa hesabu iliyotiwa upendeleo upande wa Land Rover.

Wazee waliowahi kupanda ukuta wa Lerai, njia ya kutokea ndani ya kreta, na 109 ya dizeli watanikatiza hapa: mbona ilikuwa inapanda? Kweli ilikuwa inapanda, na jibu liko kwenye giaboksi. Ukiitia Series III kwenye gia ndogo, namba moja, injini inazunguka mara 40 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa uwiano huo hata farasi 48 zinasogeza nyumba. Unaweza kufungua mlango, ukashuka, ukatembea kando ya gari, ukarudi kukaa, nalo linakwea tu likilalamika. Lakini tusidanganyane: kupanda na kupanda kwa mwendo unaofaa kibiashara ni mambo mawili. Dereva wa watalii anayetakiwa awe ametoka kreta kabla muda wa kibali haujaisha hahitaji gari inayofika tu. Inafika saa ngapi? Imechemsha mara ngapi njiani? Cruiser ya 40 yenye giaboksi ambayo gia yake namba moja ni nzito ilikuwa na uwiano unaokaribia huohuo, na nyuma yake injini yenye mara moja na nusu ya nguvu.

Ekseli nazo hazina huruma. Land Rover za zamani zilikuwa na shafti nyembamba za magurudumu ya nyuma, zenye meno 10 kwenye ncha, na sifa yake ya kukatika dereva akiachia klachi kwa pupa imesambaa Afrika nzima mpaka Australia. Kiwanda chenyewe kiliona, kikaiwekea 109 ekseli nzito zaidi, iitwayo Salisbury, nyuma miaka ya mwanzo ya 1970. Shafti ya nyuma ya Cruiser ya 40 ilikuwa na meno 30 na unene wa kumtia dereva jeuri. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ya injini ya lita 2.25 nayo ilikaa juu ya beringi kuu tatu tu mpaka mwaka 1980 ndipo zikawa tano, na kwa dizeli, ambayo hupiga krenki kama nyundo, hiyo haikuwa siri ndogo. Mtu anayeniambia Land Rover ilijengwa kwa nguvu kuliko Cruiser, namwomba anitajie ni sehemu gani.

Wengi hutaja bodi na "chuma cha Mwingereza". Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inashangaza kwamba ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Bodi ya Land Rover si chuma. Ni alumini. Uingereza ya 1948 ilikuwa imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa kibali, na alumini ya viwanda vya ndege ipo tele, ndipo Rover wakakunja mabati ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Mlango wa 109 unaupiga ngumi unabonyea. Uimara unaosifiwa unatokana na ulaini huo huo: alumini haili kutu kama bati la chuma, na ikibonyea fundi anaigonga kwa nyundo ya mti ikarudi. Chuma cha Mwingereza kipo, ni chesisi, na hicho ndicho kinachooza. Kule kwao Land Rover nyingi zimekufa chesisi ikiwa imeliwa, kwa sababu barabara zao hunyunyiziwa chumvi wakati wa barafu. Barabara ya Longido haina chumvi. Ina vumbi na jua. Kilichohifadhi chesisi nyingi za Arusha ni hali ya hewa ya ukanda huu, na Cruiser ingehifadhiwa vilevile isingekuwa bodi yake ya bati la chuma, ambayo kona zake hukusanya matope na kuoza kuanzia ndani.

Kwa hiyo upande wa Land Rover una hoja yenye nguvu, ila wanaoitetea hawaitumii. Hoja hiyo niliiona Jumamosi moja kwenye gereji ya wazi Unga Limited, nilikopita kwa shughuli nyingine kabisa. Fundi alikuwa anachomoa shafti ya nyuma ya 109. Hakuinua gari kwa jeki. Alipiga magoti kando ya gurudumu, akafungua boliti sita za kifuniko cha katikati, akavuta, na shafti ikatoka yote kama upanga kwenye ala, mafuta yakidondokea kwenye kopo la rangi. Kijana wake alikuwa amemletea spana namba 13, ya milimita. Fundi aliijaribu kwenye boliti ya nusu inchi, ikacheza kidogo, akairudisha bila neno. Kijana akaenda tena kwenye sanduku, safari hii lile la spana za inchi, ambalo kwenye gereji ya Toyota hulikuti. Kazi nzima haikumaliza muda wa kunywa soda.

Gari lile lilisanifiwa likitarajia kuharibika. Ni sentensi inayowaudhi wapenzi wake, ila sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa gari la nchi ambayo, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ilikaa miaka bila fedha za kigeni za kuagizia spea. Bawaba ya mlango inafungwa kwa boliti. Bawa la mbele linafungwa kwa boliti. Ukibomoa 109 tatu zilizokufa unapata moja hai, na hukuhitaji kiwanda, ulihitaji nafasi, spana na mtu asiyekata tamaa. Cruiser ilikuwa imejengwa ili isiharibike, na kwa miaka mingi haikuharibika kweli. Ilipofika siku ya kuharibika, bodi imeoza na spea yake ni ya bei, mwenyewe aliiacha. Land Rover ilimzoesha mwenye nayo kutengeneza tangu mwaka wa kwanza, hivyo mwaka wa arobaini haukumshtua.

Na lile swali la Cruiser za wakati huo ziko wapi lina jibu jepesi kuliko linavyodhaniwa. Simama barabara ya Makuyuni saa kumi na mbili asubuhi msimu wa watalii, uhesabu magari yanayoelekea Mto wa Mbu. Utaona Cruiser za 70, zilizorefushwa katika gereji za hapahapa Arusha, paa la kuinua, mkonga wa kuvutia hewa ubavuni, nyingi zikiwa na injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo wala mbwembwe. Hizo ndizo watoto halali wa ile ya 40, waliochukua kazi yake kuanzia mwishoni mwa 1984. Mwenye Cruiser ya zamani alipata pa kuhamia bila kubadilisha falsafa, akahamia. Kampuni za utalii zilizokuwa na Land Rover nazo zilihama, na Land Rover zao zikashuka daraja kwenda Mererani, Simanjiro, Loliondo, minadani, kubeba watu na mahindi. Ndiyo maana ziko nyingi mikononi mwa watu binafsi, na ndiyo maana zilipoitwa zilitokea. Watu waliokuwa wanalipa mishahara kwa kutumia gari waliichagua Cruiser kwa fedha zao wenyewe, na uchaguzi huo ni kipimo cha uwezo kuliko msafara wowote.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya msafara haiwezi kukuonyesha kwa sababu boneti zimefungwa. Ukizifungua 109 za kwetu utakuta nyingi hazina tena ile lita 2.25. Wenye uwezo wamefunga 300Tdi, injini ya Defender, ile Land Rover ya baadaye, yenye tabo, farasi 111 na nyutoni mita 265, ambayo inazidi kwa mbali injini iliyotoka kiwandani. Wengine wamefunga injini za Kijapani, Toyota zikiwemo. Siwalaumu, ningekuwa na 109 ningefanya hivyo hivyo wiki ya kwanza. Lakini gari lenye bodi ya Solihull, kiwanda cha Land Rover, na moyo wa Toyota likipita mbele ya jukwaa kuthibitisha kwamba Land Rover imeishinda Toyota, mtu anaruhusiwa kucheka kidogo.

Hapa ndipo fedha zinapoingia. Vijana, waongoza watalii wengi wao, wananunua 109 kwa imani kwamba bei yake itapanda tu, wakiwa wamesikia kwamba wakusanyaji wa nje wanatafuta magari ya zamani na kwamba Marekani huruhusu gari kuingizwa likishafikisha miaka 25. Ni kweli sheria hiyo ipo. Ila mkusanyaji wa aina hiyo analipia uhalisia: namba ya chesisi ioane na kadi, injini iwe ileile, bodi isiwe ya magari matatu. Thamani ya 109 ya Arusha iko upande wa pili kabisa, kwamba imetengenezwa mara mia na bado inatembea. Soko la nje halilipii hilo, na kwa jicho la mkusanyaji kila kiraka kinapunguza bei. Cruiser ya 40 iliyolala zizini Usa River au Machame, bodi imetoboka lakini 2F yake haijaguswa, huenda ndiyo inayostahili kuulizwa bei kwanza, na hakuna anayeiuliza kwa sababu haikuwa kwenye msafara.

Anayenunua 109 kwa ajili ya kazi asikilize habari tofauti. Asinunue injini, hiyo itabadilishwa. Asinunue bodi, hiyo itagongwa. Alale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma, hasa pale springi za nyuma zinaposhikwa, asikilize panapobadilika mlio. Kisha aulize gari limekaa wapi. La Monduli na lililokaa miaka kumi Tanga si gari moja, hata kama yametoka kiwandani siku moja.

Kwa watakaoandaa msafara ujao nina ombi dogo. Pale mnapopokea magari, wekeni meza yenye daftari, boneti ifunguliwe kabla ya kibandiko kutolewa, na kando ya namba ya gari iandikwe namba ya injini, mwaka ilipofungwa, na jina la gereji iliyoifunga. Idadi ya Land Rover itabaki ileile, na kwa mara ya kwanza daftari litakuwa na majina ya Unga Limited.